Iten: Mji wa mabingwa unaoanza mbio polepole

Barabara ya lami kutoka Eldoret kwenda Iten ina urefu usiofika kilomita 40. Pembeni kuna mashamba ya mahindi, ng'ombe wa maziwa na shule nyingi. Mwisho wake linaonekana lango linalovuka barabara, lenye maandishi yanayomkaribisha mgeni kwenye makao ya mabingwa. Huo ndio mji wa Iten, makao makuu ya Kaunti ya Elgeyo Marakwet nchini Kenya, ulioko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari.

Mji wenyewe ni mdogo. Kuna kituo cha matatu, soko, maduka, vibanda vya chai, makanisa, na barabara za udongo mwekundu zinazochepuka kila upande. Upande wa mashariki ardhi inakatika ghafla na kushuka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio. Anayekaa kibandani na kikombe chake cha chai ataona makundi ya wakimbiaji yakipita asubuhi, kabla ya mchana na tena jioni, na wenyeji wakiendelea na shughuli zao kana kwamba zimepita boda boda tu.

Wageni wengi hufika hapa wakitafuta siri. Wapo wanaouliza kuhusu viatu, wapo wanaouliza kuhusu chakula, na wapo wanaoamini jibu liko kwenye damu. Maswali hayo yanawahusu pia wazazi waliobaki nyumbani: baba aliyejiandikisha nusu marathoni ya Moshi wakati hajakimbia tangu sekondari, au mama ambaye mtoto wake amerudi na ushindi kutoka UMITASHUMTA na sasa jirani, mwalimu na mjomba wote wanamwambia amsukume zaidi. Iten ina jibu kwa wote wawili, ila si lile wanalotarajia kulisikia.

Saa 12 asubuhi, polepole

Mazoezi makubwa ya siku huanza mapema, karibu saa 12 asubuhi, kukiwa bado na baridi na giza halijaisha vizuri. Vijana hukutana kwenye kona ya barabara, wengine wakiwa na koti na kofia. Wanasalimiana, wanasubiri aliyechelewa, kisha wanaondoka kwa mwendo unaomshangaza mgeni. Ni mwendo wa taratibu kabisa. Watu wanapiga soga. Neno linalosikika mara kwa mara ni lile lile ambalo kila mzazi humwambia mtoto anayeshuka ngazi: polepole.

Ili kuelewa jinsi jambo hili linavyoshangaza, inafaa kukumbuka kasi ya watu hawa siku ya mashindano. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, kila kilomita ilimchukua wastani wa dakika 2 na sekunde 52, na alifanya hivyo kilomita 42 mfululizo. Wenzake wa kiwango hicho, siku ya mazoezi mepesi, huanza kilomita ya kwanza kwa zaidi ya dakika 5 au 6. Mzazi mwenye afya ya kawaida angeweza kwenda nao hatua hizo za mwanzo. Baada ya nusu saa mwili unapata joto na kasi hupanda yenyewe, bila mtu kuilazimisha.

Mwendo huo mwepesi una kazi yake. Unaufundisha moyo kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, unaongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, na unaufundisha mwili kutumia mafuta yake kama nishati. Mifupa na kano nazo hupata muda wa kukomaa, kwa sababu hukua imara polepole kuliko mapafu na misuli. Hapo ndipo wengi wanaoanza huumia: pumzi inakuwa tayari baada ya wiki chache, lakini miguu bado.

Siku chache ngumu, nyingi nyepesi

Hakuna anayekimbia polepole siku zote na kushinda. Siku ngumu zipo, na zinajulikana. Jumanne wengi huenda uwanjani kukimbia vipande vifupi vya kasi. Jumamosi ni siku ya mbio ndefu, mara nyingine kilomita 30 au zaidi. Alhamisi, saa 3 asubuhi, mamia ya wakimbiaji hukusanyika nje ya mji kwa zoezi linaloitwa fatileki, neno lililotoka Uswidi likiwa na maana ya kuchezea kasi. Wanakimbia dakika moja kwa nguvu, kisha dakika moja taratibu, au mbili kwa moja, wakipanda na kushuka vilima. Anayeachwa na kundi la mbele hupokewa na kundi la nyuma.

Siku zinazobaki ni za mwendo mwepesi, na Jumapili wengi huenda kanisani na kupumzika. Ndiyo maana Alhamisi wana nguvu ya kukimbia kwa kasi ya kweli. Mkimbiaji wa mjini hufanya kinyume. Hutoka kila siku kwa kasi ya wastani, akihema sana lakini asifike kiwango cha juu. Siku yake nyepesi inakuwa ngumu mno, na siku yake ngumu inakuwa nyepesi mno. Baada ya mwezi amechoka, goti linauma, na muda wake haujapungua hata dakika moja.

Kipchoge, ambaye kambi yake iko Kaptagat, upande mwingine wa Eldoret, ameeleza mara kadhaa kwamba mazoezini hatumii nguvu zake zote. Anaziweka kwa ajili ya siku ya mashindano. Kocha wake ni Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Katika kambi hiyo wanariadha huishi pamoja siku za kazi, wakifanya usafi kwa zamu, vyoo vikiwemo, na Kipchoge huandika mazoezi yake kwenye daftari. Daftari la kawaida la shule linatosha: tarehe, umbali, jinsi mwili ulivyojisikia. Maumivu yanayorudi kila wiki huonekana kwenye karatasi kabla hayajawa jeraha.

Shule yenye miti ya mabingwa

Katikati ya Iten iko Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Patrick. Ndani ya uwanja wake kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya wanafunzi waliong'ara duniani. Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya Boston, mwaka 1988, alisoma hapa. Peter Rono, aliyepata dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka huohuo akiwa na miaka 21, naye alisoma hapa.

Aliyewafundisha wengi wao ni Bruda Colm O'Connell, Mkatoliki kutoka Ireland aliyefika mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha wala kocha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi, na baadaye akaanzisha kambi za vijana wakati wa likizo. Ndiye aliyemlea David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012, rekodi ya dunia.

Anayefuatilia mafunzo yake hukuta kwamba vijana hawaanzi na kasi. Wanaanza na mwili: kusimama wima, kutembea kwa mpangilio, kurukaruka, kuinua magoti, kuachia mabega. Kwa miaka mingi alikazia mambo manne: umakini, mwili ulionyooka, uthabiti, na kila kiungo kufanya kazi yake kwa wakati wake. Kasi inakuja baada ya hapo.

Jinsi mwili unavyobebwa

Kwenye barabara za Iten mgeni huona kwamba wakimbiaji wazuri hawafanani. Wapo warefu na wafupi, wapo wanaopeleka mkono mmoja pembeni. Hata nje ya Kenya ni hivyo. Paula Radcliffe wa Uingereza alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25 mwaka 2003 huku akitikisa kichwa njia nzima, na rekodi yake ilidumu hadi mwaka 2019, ilipovunjwa na Mkenya Brigid Kosgei. Kwa hiyo anayetaka kuboresha ukimbiaji wake hahitaji kuiga mtu.

Yapo mambo machache ambayo wengi wa wakimbiaji hawa wanayafanya sawa. Kifua kiko wazi na macho yanatazama mbele. Mwili umeinama kidogo sana kuanzia kwenye vifundo vya miguu, haukunjiki kiunoni. Mikono imekunjwa na inakwenda mbele na nyuma bila kukatiza kifua, na vidole vimelegea kana kwamba vimeshika yai. Hatua ni fupi na za haraka, na mguu unatua karibu chini ya mwili.

Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Anayerusha mguu mbali mbele hujipiga breki kila hatua, na mshtuko hupanda hadi kwenye goti. Njia rahisi ya kurekebisha ni kufupisha hatua kidogo na kuongeza idadi yake, kwa dakika mbili au tatu tu ndani ya mbio nyepesi, mpaka mwili uzoee.

Kuhusu kutua kwa kisigino au kwa vidole, mjadala ni mrefu. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti uliowahusisha pia vijana wa Bonde la Ufa. Wengi wa waliozoea kukimbia pekupeku walitua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na wengi wa waliozoea viatu walitua kwa kisigino. Duniani kote watu wakavua viatu. Mwaka 2013 watafiti wengine wakawapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao pia wamezoea kwenda bila viatu, na wakakuta kwamba kwa mwendo wao wa kawaida wengi hutua kwa kisigino. Hakuna kutua kwa aina moja kunakomfaa kila mtu, na anayebadilisha ghafla huhamisha tu maumivu kutoka kwenye goti kwenda kwenye ndama ya mguu.

Hewa ya juu na joto la pwani

Kwenye mita 2,400 kila pumzi huleta oksijeni pungufu. Mtu akikaa huko wiki kadhaa, mwili hutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi ili kufidia. Ndiyo maana Mo Farah wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki mara nne, alikuja kufanya mazoezi Iten, na ndiyo maana mwanariadha Lornah Kiplagat alijenga hapo kambi ya mazoezi inayopokea wageni kutoka mataifa mengi. Mgeni anayefika kutoka pwani hushauriwa kutembea na kukimbia taratibu siku za mwanzo. Asiyesikia hurudi akiwa ameshika ukuta.

Mzazi wa Dar es Salaam au Mombasa hana mlima huo, lakini ana joto na unyevu, na navyo vinadai heshima ileile. Mwili wenye joto hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kupoa, na misuli inabaki na kidogo. Mwendo uliokuwa mwepesi saa 12 asubuhi unakuwa mgumu saa 3. Kipimo hakibadiliki popote: siku ya mazoezi mepesi, mtu aweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Akishindwa, apunguze mwendo.

Sahani na usingizi

Chakula cha Iten hakina maajabu. Ni ugali, sukumawiki, maharage, maziwa, viazi, nyama mara chache, na chai yenye maziwa na sukari nyingi. Tafiti zilizopima milo ya wakimbiaji wa Kenya zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya nguvu yao inatokana na wanga, kile ambacho watu wa mjini wamefundishwa kukiogopa. Anayekimbia akajinyima ugali na wali anajinyima mafuta ya gari lake.

Jambo ambalo wageni huliona gumu kuliko mazoezi ni kupumzika. Baada ya mbio za asubuhi na chai, wakimbiaji hulala au hukaa tu. Mwili haujengwi wakati wa kukimbia. Hujengwa baadaye, mtu akiwa amelala na ameshiba. Mzazi mwenye kazi na watoto wadogo hawezi kulala mchana. Anachoweza ni kukubali kwamba usiku aliolala saa nne kwa sababu mtoto alikuwa na homa, kesho yake si siku ya kasi.

Mtoto aachwe akue

Iten ina upande ambao hauonekani kwenye picha. Kwa kila bingwa wapo vijana wengi waliopanga chumba kimoja, wakachangishana unga, wakakimbia miaka mitatu au minne, kisha wakarudi nyumbani bila medali, wengine wakiwa na majeraha. Wapo walioacha shule kwa sababu mtu mzima aliona kasi yao mapema akataka mavuno mapema.

Mtoto anayekua ana sehemu laini kwenye mifupa yake, hasa chini ya goti na kwenye kisigino, mahali kano inaposhikilia. Mazoezi mengi ya aina moja huzivuta sehemu hizo zikauma. Mtoto wa miaka 12 anayelalamika kisigino kila akitoka mazoezini hadeki. Apumzishwe, na maumivu yakiendelea apelekwe kwa daktari. Mbio nyingi kubwa za marathoni haziruhusu aliye chini ya miaka 18, na sababu zipo. Umri huo ni wa mpira, kuruka kamba, mbio fupi, mbio za nyika na kucheza.

Kwa msichana kuna dalili moja ambayo mama asiifumbie macho. Hedhi ikikatika kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mazoezi, si ishara ya ukakamavu. Mara nyingi mwili unasema chakula hakitoshi, na mifupa hudhoofika kimyakimya. Aonane na daktari kabla ya mbio inayofuata.

Na kuna swali la nani anamwangalia. Oktoba 2021 Iten ilimpoteza Agnes Tirop, aliyekutwa ameuawa nyumbani kwake akiwa na miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao. Wenzake walianzisha shirika la Tirop's Angels kupinga ukatili wa kijinsia. Tangu hapo mazungumzo kuhusu wasichana, makocha, wenza na pesa za ushindi yamekuwa ya wazi zaidi. Mzazi anayempeleka binti kambini ana haki ya kujua analala wapi, anafundishwa na nani, na nani anashika fedha zake.

Anayehofia kwamba mtoto atachelewa amtazame Alphonce Simbu wa Tanzania. Alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017 akiwa na miaka 25. Dhahabu ya dunia aliipata Tokyo Septemba 2025, akiwa na miaka 33. Kati ya medali hizo mbili ilipita miaka minane ya kazi.

Kwa mzazi anayeanza wiki hii

Mwenye presha, kisukari, maumivu ya kifua au aliyekaa miaka mingi bila mazoezi aanze hospitali. Akiruhusiwa, siku tatu kwa wiki zinatosha. Atembee dakika mbili, akimbie taratibu dakika moja, arudie kwa nusu saa, na kila wiki aongeze kukimbia kidogo huku akipunguza kutembea. Umbali na kasi visiongezwe wiki moja. Kasi isubiri mpaka aweze kukimbia nusu saa bila kusimama kwa mwezi mzima. Ndipo achague siku moja ya fatileki, vipande sita vya dakika moja. Viatu viwe vile vinavyomkaa vizuri mguuni.

Asiyeweza kufika Iten hajakosa kitu kikubwa, kwa kuwa barabara ya vumbi iko karibu kila kata. Anayeweza, aende na watoto: apande matatu kutoka Eldoret, alale usiku mmoja, awaamshe kabla jua halijachomoza na kuwasimamisha kando ya barabara. Waone mabingwa wakianza kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani.